Pamba ya Fundi Boila

Kwenye kota zetu za reli, mwanamke hakuitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama kwingineko. Aliitwa kwa kazi ya mumewe. Mama yangu alikuwa Mama Boila. Mlango wa pili alikaa Mama Tiketi, na ng'ambo ya mfereji alikaa Mama Dizeli, mwanamke wa Murang'a mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Mama yangu alimhurumia Mama Dizeli kila Jumamosi, na sababu ya huruma hiyo ilikuwa ovaroli.

Jumamosi ndiyo siku wanawake walifua nguo za kazi za wiki nzima kwenye saruji kando ya mfereji, na mbele ya macho yao nguo ya kazi haikuwa na siri. Ya fundi boila ilitoka na kutu na vumbi la chaki, vitu ambavyo maji moto na sabuni huviweza. Ya mtu wa dizeli ilitoka na mafuta meusi. Uifue leo, uifue kesho, inanuka vilevile. "Pole, dada," mama alimwambia jirani yake, kwa sauti ya mtu anayemshukuru Mungu kimoyomoyo. Mama Dizeli alicheka tu. Alikuwa na haki ya kucheka, ila sisi tulikuwa hatujalijua hilo bado.

Baba alikuwa kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Alitoka Machakos kijana, masikio mazima, akaajiriwa karakana ya reli kutengeneza na kukarabati boila, matangi ya mvuke ya magarimoshi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: fundi mmoja anaingia ndani ya boila na kuikaza ribiti, ule msumari mnene wa kuunganishia chuma, isirudi nyuma, mwingine anaigonga kwa nje, na yule wa ndani anakaa humo na kelele zote kama aliyefungiwa ndani ya kengele. Kila fundi alipewa zamu yake ya ndani. Miaka michache ya kengele hiyo ilimtosha baba. Kanisani alisimama akiona wengine wamesimama, akasema "Amina" kwa sauti iliyowageuza watu wa viti vya mbele, na aghalabu aliisema mahubiri yakiwa katikati.

Kwa hiyo nyumbani tuliongea kwa mikono. Mikono hiyo tuliirithi kutoka karakana, kwa sababu humo hata mwenye masikio alikuwa hasikii. Ngumi ikigonga kiganja ni ribiti. Viganja vikipanguswa kimoja kwa kingine, imekwisha. Kiganja juu ya kichwa, kama kofia, ni nyapara. Baba alipotaka kujua mama yuko wapi, aliweka kiganja kichwani, nasi tukacheka, na mama akajifanya hajaona.

Mama alijaribu kuyaokoa masikio yale mapema. Alitoa pamba kwenye mto, akaiviringa, akaitia katika mfuko wa ovaroli. Baba aliirudisha jioni bila kuitumia. Kwa mafundi boila, pamba ilikuwa aibu. "Ribiti iliyolegea inalia tofauti," alisema. "Fundi akiziba masikio, atasikia na nini?" Aliendelea kusema hivyo hata miaka ile ambayo ribiti ingelia mpaka kesho na yeye asingeisikia. Alisema sasa anaisikia kwa mkono, kupitia mpini wa nyundo. Nadhani ilikuwa kweli. Mama alisema ni kichwa kigumu, na nadhani hiyo pia ilikuwa kweli.

Swali la nyumba yetu, tangu nilipoanza kuelewa maswali ya wakubwa, lilikuwa moja: kaka yangu ataingia lini karakana. Mafundi boila walikuwa na desturi yao. Mtoto wa kiume wa kwanza hufuata nyundo ya babake. Mzee akikaribia kustaafu humpeleka kijana kwa nyapara, humshika bega, husema, "Huyu ni wangu," na mambo yamekwisha.

Kaka alipoingia kidato cha nne, baba alimpeleka Gikomba kwa mjomba, ndugu ya mama, aliyekuwa akichonga swara na twiga wa kuuzia watalii. Mjomba alimpa donge la udongo alikamate kwa nguvu zake zote. Kisha akachonga mpini wa nyundo kwa mti mgumu wa kutoka kwetu Machakos, akifuata mabonde yaliyoachwa na vidole. Nyundo hiyo haikuweza kumkaa vizuri mtu mwingine. Nilijaribu kuishika, ikaniteleza. Ilitundikwa kwenye msumari karibu na mlango, nasi tukawa tunapita chini yake kila siku. Mimi nilikuwa msichana. Hakuna aliyenikamatisha udongo.

Ilikuwa ile miaka ya sabini ambayo mafuta yalipanda bei dunia nzima na redio haikuwa na habari nyingine. Reli ilikuwa imeanza kununua injini za dizeli, na watu wa dizeli walikuwa wametembea vifua mbele kwa muda. Sasa wakanywea. Zamu ya kutembea vifua mbele ikawa ya mafundi boila. Nilimsikia baba akiwahubiria wenzake nje ya nyumba, na kwa jinsi alivyohubiri, mtaa mzima ulimsikia.

"Garimoshi likikosa mafuta litakula makaa. Likikosa makaa litakula kuni. Dizeli ikikosa mafuta ni kabati!"

Wenzake waligonga ngumi kwenye viganja. Ninapowakumbuka nasikia hasira, maana hawakuwa wajinga. Walijua chuma kuliko watu wengi niliokutana nao baadaye. Walikuwa wamehesabu kila kitu sawasawa, wakasahau tu kwamba anayenunua injini hakuwa anawauliza wao.

Jumapili moja alasiri, kaka akiwa amemaliza mtihani na matokeo yake kutoka mazuri, hasa ya hesabu, mume wa Mama Dizeli alikuja kwetu. Alivaa koti la kanisani. Mama alimpa chai. Alikuwa mtu mpole, na ilimlazimu kupiga kelele, jambo lililomtia haya.

"Mzee wangu," alisema, "kuna nafasi kwetu. Wanataka vijana wa fomu foo wafundishwe dizeli. Huyu wako ana kichwa. Niruhusu nimpeleke kesho."

Baba alimtazama mdomo hadi mwisho. "Huyu ana kazi tayari."

"Kazi gani, mzee?"

"Yangu."

Jirani alimtazama mama. Mama alikuwa akimimina chai katika kikombe kilichokuwa kimejaa. Kaka alikuwa amesimama karibu na mlango, kichwa chake kikikaribia kugusa nyundo. Nilimwona akifungua mdomo, kisha akaufunga. Kwetu kijana hakumpinga babake mbele ya mgeni.

Baadaye alimfuata mama jikoni. "Mathe, mwambie. Akiambiwa na wewe anasikia."

"Babako anajua mahali anapofanya kazi," mama alijibu. Kisha akatania, kama kawaida yake akitaka kufunga jambo: "Na hizo ovaroli za mafuta utazifua wewe?"

Nafasi ile ilichukuliwa na mtoto wa Mama Tiketi, kijana aliyekuwa akinakili hesabu za kaka shuleni. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na wanawake wawili wa kuhurumiwa mferejini.

Kaka akaanza kungoja. Kila mwisho wa mwezi baba alirudi na jibu lilelile: bado, nyapara amesema tuvumilie. Kaka aliteremsha nyundo jioni, akagonga jiwe nyuma ya choo ili mkono usilegee, akairudisha msumarini. Alikonda. Marafiki zake walipita na saa mpya mkononi wakimwambia, "Sasa, boila?" naye akajibu, "Poa," akabaki ameketi penye kizingiti. Mwaka ukapita hivyo, na wa pili ukaanza.

Dalili zilikuwepo. Nyumba ya mwisho ya safu yetu alikaa mchochea moto, mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kulisha moto wa garimoshi lisafiripo. Siku moja tukamwona na koti refu na rungu, analinda duka Eastleigh. Mkewe tuliendelea kumwita Mama Moto. Kazi ilikufa, jina likabaki, na sisi watoto tuliona ni mchezo. Wakubwa sijui waliona nini. Watu wa mtaa wetu walikuwa hodari wa kusema pole kwa mwenzao, kisha kuingia ndani na kufunga mlango.

Kilichotufungua macho ni nguo. Jumamosi hiyo nilikuwa namsaidia mama kufua. Alikuwa ameitandaza ovaroli ya baba juu ya saruji, mara akaacha kusugua. Kifuani na kwenye mikono kulikuwa na vitundu vidogo vidogo, vingi, kila kimoja na ukingo mweusi wa kuungua. Alipitisha kidole juu yake. Mama Dizeli alisogea kuangalia, na kile kicheko chake kikakatika.

"Hii si nyundo, mama," alisema taratibu. "Hii ni cheche za gesi. Wanakata."

Wanawake wengine waliinuka kutazama. Kila mmoja alijua maana yake. Nyundo huunda boila; gesi huikata iwe vyuma vya kuuzwa kwa kilo. Mama aliikamua ovaroli, lakini hakuianika. Aliibeba ikiwa mbichi hadi ndani, maji yakidondoka njia nzima.

Jumamosi karakana ilifungwa mchana. Baba alipoingia aliikuta ovaroli yake imetandazwa juu ya meza tunayolia chakula, na mama amesimama upande wa pili, kidole chake kimepenya kwenye kitundu. Kaka na mimi tulikuwa pale. Mama aligonga ngumi kwenye kiganja, ribiti, halafu akainua mikono yote miwili kuuliza.

Baba aliitazama nguo. Kisha akapangusa viganja vyake, kimoja kwa kingine.

"Tangu lini?" mama aliuliza kwa mdomo, na baba akasoma.

"Tangu mwaka jana. Mimi gesi nimepewa wiki hii."

Baba hakuwa na sauti ndogo. Aliipoteza pamoja na masikio. Jambo alilolificha miezi yote hiyo, siku alipolisema, lilisemwa kwa sauti iliyofika mferejini, na nikajua wanawake wanasikiliza, mikono imetulia ndani ya makarai.

"Tunazikata!" alisema. "Zile zile tulizozigonga. Naweka gesi mahali ambapo mimi mwenyewe nilitia ribiti. Wanapakia lori, zinaenda."

"Na mtoto?" mama alimwonyesha kaka. "Mtoto uliyemzuia?"

"Nilidhani watabakiza moja." Baba aliinua kidole kimoja. "Hata moja tu, ya reli ya milimani. Moja ingetosha watu wawili."

Mama aliketi. Alisema, akimwambia nani sijui, "Mimi nilihesabu sabuni. Nikasahau kuhesabu mtoto."

Kaka alinyoosha mkono akachukua nyundo msumarini. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa atafanya jambo ambalo nyumba haitaliponya. Alipita katikati yetu, akatoka, akavuka mfereji hadi kwa Baba Dizeli, nyundo ikiwa bado mkononi kama mtu aliyesahau kuiweka. Hakukaa huko. Baba Dizeli alimwambia ukweli kwa upole: darasa limejaa, na sasa wanachukua waliotoka shule mwaka huohuo. Mlango ule ulikuwa umefunguliwa mara moja, Jumapili moja, na ulifungiwa mezani kwetu.

Jumatatu kaka alikwenda Shauri Moyo. Huko wanaume walikuwa wameketi juani wakipasua mapipa ya mafuta na kuyageuza majiko, makarai, na masanduku ya bati ya watoto wa bweni. Hawakumwuliza cheti. Walitazama jinsi anavyoshika nyundo, wakamsogezea pipa.

Nyumbani akaanza kumnyamazia baba. Kumnyamazia kiziwi kuna namna yake: kaka alitia mikono mfukoni. Baba akimgeukia, mikono mfukoni. Baba akimwonyesha chakula, akiuliza habari za kazi, mikono mfukoni. Baba aliiangalia ile mifuko kama mtu anayetazama mlango wa nyumba aliyohama. Hakukasirika, na hilo lilinitia uchungu kuliko kama angepiga kelele.

Boila zilipokwisha, na wakataji walikwisha. Kota ni ya kazi. Kazi ikiisha, na kota imeisha. Tulihamia vyumba viwili Eastleigh, nyuma ya lojing'i ya wasafiri, mahali ambapo hakuna aliyejua fundi boila ni mtu gani. Majirani wapya waliona tu kijana wetu akirudi jioni na sanduku jipya begani, basi mama akaanza kuitwa Mama Sanduku. Aliitikia. Wakati mwingine alichelewa kidogo kuitikia.

Mimi, ambaye hakuna aliyempima mpini, nilijifunza taipu nikaajiriwa ofisi moja mjini. Lilikuwa jambo geni wakati huo: nyumba kadhaa za Eastlands, wanaume waliokuwa na kazi za kudumu wameketi nyumbani, na binti ndiye anayevaa viatu vya visigino alfajiri. Nilitarajia kujisikia mshindi. Badala yake nilitoka kila asubuhi nikimpita baba amekaa kwenye stuli, ovaroli safi mwilini, hana pa kwenda nayo, na niliona aibu ambayo sikuwa na sababu ya kuiona.

Miaka ya themanini ikielekea mwisho, ofisini kwetu ikaletwa mashine yenye kioo, inayoandika bila karatasi. Iliwekwa kwenye chumba chake, ikafunikwa kitambaa. Sisi wapiga taipu tulikwenda kuichungulia. Mkubwa wetu, mama mwenye vidole vya ajabu, alicheka. "Stima ikipotea," alisema, "hii ni kabati."

Mchana huo sikula. Niliomba ruhusa, nikapitia nyumbani, na baba aliponiona natoka tena alisimama anifuate. Nilitaka kwenda kwa kaka, nimwulize kama niombe kufundishwa mashine ile au nikae kimya. Ndiye mtu pekee niliyemjua aliyewahi kusimama mbele ya mlango kama huo.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha Shauri Moyo. Mafundi wengi walikuwa wamejikinga chini ya mabati, nyundo zimelala, na palikuwa kimya kuliko nilivyowahi kupasikia. Kaka alikuwa ametugeuzia mgongo, anakunywa chai, hatua chache tu kutoka kwetu. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, kwa nguvu, mpaka watu wa kibanda cha pili wakageuka.

Mama muuza chai alicheka bila ubaya. "Huyo lazima umguse, siz. Ukimwita hivyo utangoja. Masikio yake yaliisha kitambo."

Kumbe ile mikono mfukoni ilikuwa imetuficha jambo. Tulizoea kaka asiyejibu, tukadhani ni kinyongo tu. Niliona vibaya sana. Nilimgeukia baba. Hakuwa amesikia nikiita, lakini alikuwa ameona mdomo wangu ukifunguka mara mbili na mgongo wa mwanawe ukikaa vilevile. Alinyoosha kidole kwenye sikio lake, kisha akamwelekezea kaka, akaniuliza kwa macho. Nilitikisa kichwa kukubali.

Aliondoka. Nilidhani amekwenda kulia mahali, nami nilikuwa nalia tayari, pale mbele ya wateja. Lakini alikuwa amekwenda Gikomba, kwa watu wanaoshindilia mito na magodoro. Aliporudi, mvua ilikuwa imeisha kabisa na nyundo zimeanza tena kila upande. Kaka alikuwa amepiga magoti mbele ya pipa, anagonga. Baba alifungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na pamba, imelowa kidogo kwa jasho.

Alimsimamia kaka, akaanza kuitia pamba katika sikio lake la kulia, polepole, kwa kidole kinene kilichojaa makovu ya gesi. Kaka alishtuka. Nyundo ilikuwa mkononi, kwa hiyo mifuko haikuweza kumsaidia. Akainuka akasimama. Akaiweka nyundo chini. Na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi ya ovaroli, alimsemesha baba: akagonga ngumi kwenye kiganja, akagusa sikio, akapangusa viganja.

Baba aliisoma mikono ile hadi mwisho. Kisha akaviringa pamba ya sikio la pili, na kaka, ambaye ni mrefu kuliko yeye, akainama kidogo ili mzee afikie.